Adui Aliyerudi Akiwa Steringi

Mkanda wa kwanza wa Terminator niliuona nikiwa darasa la tatu, Buguruni, kwenye banda la video lenye mabenchi ya mbao na jenereta linalounguruma uani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo kwetu televisheni ilikuwa chombo cha kuangalizia mikanda, basi. Mwenye banda alisukuma kaseti kwenye deki, akaipiga televisheni kofi la ubavuni, tukanyamaza.

Sheria tuliijua sote: steringi hafi. Mkanda ule ukatuvuruga. Kwenye jalada yuko Arnold na miwani yake myeusi, Arnold yuleyule wa Commando, kwa hiyo steringi ni yeye. Mbona sasa anapita nyumba kwa nyumba akiua kila mwanamke aitwaye Sarah Connor, kwa mpangilio wa kitabu cha simu? Akaungua na lori la mafuta, akainuka mifupa mitupu ya chuma. Akakatika kiuno, akatambaa. Choo chetu kilikuwa uani, na kwa muda mrefu sikwenda usiku bila kaka kunisindikiza.

Ule wa pili ulitoka Marekani 1991, kwetu ulichelewa. "Arnold karudi," kaka aliniambia, "na safari hii nitakutafsiria, usinisumbue na maswali." Tukaingia mapema, tukapata benchi la mbele.

Kuna kitu nimekijua ukubwani. James Cameron, mwongozaji, aliupanga mwanzo wa mkanda ule ili mtazamaji asijue nani mwema, nani mbaya, lakini matangazo yao wenyewe huko Marekani yakaimwaga siri kabla. Sisi hatukuona tangazo lolote. Kijana John, mwana wa Sarah, anakimbia kwenye ujia mwembamba, mbele yake Arnold na boksi la maua ya waridi, nyuma yake askari mwembamba mwenye sura ya mtu wa heshima. Boksi likafunguka, ikatoka bunduki, na banda zima tukampigia yule mtoto kelele akimbilie kwa askari. Arnold akamwambia ainame, akampiga risasi askari. Sijawahi tena kusikia ukimya kama ule penye watu wengi kiasi kile.

Baada ya hapo nilifurahi kama wenzangu. Nani asingefurahi? Yule askari, kumbe naye mashine, ya chuma cha majimaji, anapenya nondo za hospitali ya wagonjwa wa akili, mwili wote unapita, kisha bastola inakwama. Ilibidi augeuze mkono ndipo aitoe. Picha za kompyuta mle hazizidi dakika chache kati ya zaidi ya saa mbili, nyingine ni sanamu na ufundi wa mikono, ila ile ya bastola ndiyo iliyonifanya niamini zote. Na Sarah, mhudumu wa mgahawa wa mkanda wa kwanza, sasa ana misuli kuliko kaka.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniuma, na sikuthubutu kukisema. Yule mtoto anamfundisha Arnold kuongea kama vijana wa mtaani. Anamwapisha asiue, naye anawapiga watu risasi za miguu na kusema watapona! Banda likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimemwogopa mtu huyu miaka mitatu. Nikaona kama nimedhulumiwa.

Mwishoni akashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka, dole gumba juu. Steringi kafa. Kaka aliacha kutafsiri, akajifuta uso kwa shati, akasema moshi wa jenereta. Nami nililia, nikajichukia kwa kulia.

Mkanda ulitaja siku ambayo mashine zingeteketeza dunia: 29 Agosti 1997. Baba mdogo aliposikia alisema Kiyama hakipangiwi tarehe na Mmarekani. Siku yenyewe ilipofika ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa kidato cha pili, kijana mzima wa kunyoa ndevu mbili tatu. Tulisali, tukala pilau, hakuna kilichotokea. Usiku umeme ukakatika, nikachukua kibatari kwenda uani. Nikasikia hatua nyuma ya ukuta, nzito, za mtu asiye na haraka. Yule wa dole gumba hata sikumkumbuka. Nilirudi ndani mbio, nikamwamsha kaka.