Reli Inayoning'inia Juu ya Mto Wupper

Magharibi ya nchi ya Ujerumani uko mji uitwao Wuppertal, maana yake Bonde la Mto Wupper. Bonde lenyewe ni jembamba, vilima vimelibana pande zote mbili, na mji umejipanga ndani yake kama maharagwe katika ganda. Zamani ilikuwa miji mbalimbali, Elberfeld na Barmen ikiwa ndiyo mikubwa, hata ilipounganishwa mwaka 1929. Wenyeji walikuwa wafumaji na watia rangi nguo. Viwanda na nyumba vilizidi hata pasipatikane nafasi ya kupitisha reli nyingine chini. Ndipo lilipokubaliwa shauri la Bwana Eugen Langen wa Cologne, kwamba ardhi ikiwa imekwisha, reli na ipite hewani juu ya mto, kwa maana mtoni hakuna mwenye nyumba wa kuhamishwa. Yeye alifariki mwaka 1895 asiione kazi hiyo. Mfalme Wilhelm wa Pili aliipanda Oktoba 1900, na watu wote wakaruhusiwa tarehe 1 Machi 1901, mwaka ule ule reli yetu kutoka Mombasa ilipofika ziwani.

Msomaji asidhani kwamba gari hili hukaa juu ya reli kama tulivyozoea. Reli iko juu, magurudumu hupita juu yake, na behewa huning'inia chini kama mkungu wa ndizi. Nguvu yake ni umeme. Nguzo za chuma zimepanua miguu, mmoja ukingo huu wa mto na mwingine ukingo ule. Njia nzima ni kilomita 13 na kidogo, yenye stesheni 20, nayo humalizika kwa nusu saa hivi.

Nilipanda Vohwinkel, upande wa magharibi. Hapo gari hupita juu ya barabara, sawa na madirisha ya orofani, na nilimwona mama mmoja akinyunyizia maua yake maji pasipo hata kuinua uso. Baada ya Sonnborn tukaufikia mto. Chini yetu kulikuwa na maji, yapata futi 40, na kwenye kona behewa likayumba polepole. Mgeni hushika chuma. Mwenyeji husoma gazeti lake. Tukapita katikati ya kiwanda cha Bayer, penye mabomba mengi. Ni hapa Elberfeld, mwaka 1897, wataalamu wa kampuni hiyo walipotengeneza aspirini, ambayo hapana shaka msomaji amepata kuimeza.

Mbele, ukutani penye mto, imechorwa picha ya ndovu. Tarehe 21 Julai 1950 watu wa sarakasi walimpandisha garini ndovu mchanga, jina lake Tuffi, ili wajitangaze. Mnyama akaingiwa na hofu, akabomoa ubavu wa behewa, akaanguka mtoni. Alichubuka tu, akaishi hata mwaka 1989. Picha inayouzwa ikimwonyesha angani ni ya kuungwaunga.

Lakini si kila anguko huchekesha. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1999, baada ya mafundi kufanya kazi usiku kucha, kipande cha chuma kilikuwa kimesahauliwa juu ya reli. Gari la kwanza likakigonga, likaanguka mtoni, na watu 5 wakafa. Nilipopajua mahali hapo niliwatazama wenzangu. Hakuna aliyeacha alilokuwa akilifanya, nami sikuona kuwa ni ugumu wa moyo, maana wao hawana njia nyingine iliyo bora ya kwenda kazini. Hata Novemba 2018, chuma cha umeme kilipoanguka barabarani, reli ilifungwa mpaka Agosti 2019, na watu wakapanda mabasi kwa manung'uniko mengi, wakiingojea.

Oberbarmen ndio mwisho. Hapo gari huzunguka katika duara na kurudi lilikotoka. Atakayefika huko asinunue tiketi ya pekee, maana ile ya basi la mji yatosha, na akae nyuma kabisa. Dereva yuko mbele peke yake, kwa hiyo nyuma pana kioo kipana, na mtu huuona mto ukijifunua chini ya miguu ya nguzo, nguzo baada ya nguzo.