Tokyo: Mtaa ambako hewa hunyoosha santuri

Familia inayoshuka treni Ochanomizu, katikati ya jiji la Tokyo, hukutana kwanza na magitaa. Maduka ya ala za muziki yamepangana kwenye mteremko unaoelekea Jimbocho, mtaa wa vitabu vya mitumba, na hapo hapo yapo maduka ya santuri za zamani. Magitaa huwanasa watoto. Santuri huwanasa wazazi.

Santuri iliyotumika huelezwa kwa makini kama mgonjwa. Karatasi ndogo kwenye jalada hutaja mikwaruzo na madoa, na kama ule ukanda wa karatasi uitwao obi bado upo. Ikiwa imepinda, huandikwa neno moja: sori. Mgeni asiyejua Kijapani afadhali alijue hilo kabla ya kufungua pochi.

Santuri ni plastiki. Ikisahauliwa ndani ya gari juani, au ikiegemezwa vibaya miaka mingi, hujikunja kama chapati iliyokaukia jikoni. Kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, kila baada ya sekunde 1.8 sindano hupanda kilima kile kile. Sauti huyumba, na noti ndefu za piano ndizo huumbuka kwanza. Kilima kikiwa kikubwa, sindano huruka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajapani walilijibu tatizo hilo kwa hewa. Luxman walitengeneza mashine za PD-300 na PD-555. Audio-Technica waliuza AT-666, sahani ya chuma ya kuweka juu ya mashine ambayo mtu anayo tayari. Marekani nako, kampuni ya SOTA ilishika njia hiyo hiyo.

Sahani ya mashine ina ukingo wa mpira pembeni na mwingine karibu na katikati. Santuri hukaa juu yake kama mfuniko, kisha pampu hufyonza hewa kidogo iliyobaki chini. Kazi iliyobaki hufanywa na hewa ya chumbani. Hewa hiyo hukandamiza kwa karibu kilo 1 kila sentimita ya mraba, na santuri kubwa ina sentimita za mraba zipatazo 700, kwa hiyo hata ombwe dogo linatosha kuilaza bapa. Mtoto aliyechorewa kanieneo ya hewa ubaoni akaikariri kwa ajili ya mtihani, hapa angeiona ikifanya kazi.

Ila mashine hizi si tabibu. Hewa ikiachiwa, santuri hurudia umbo lake. Chembe moja ya vumbi kwenye sahani hugandamizwa ndani ya mifereji ya upande wa chini, kwa hiyo kusafisha ni lazima kila mara. Ukingo uliopinda sana huvujisha hewa mpaka ukandamizwe taratibu kwa viganja. Na mpira wa miaka 40 hukakamaa. Anayenunua mashine kuukuu aukague huo kabla ya kusifia mng'aro wa chuma.

Hata hivyo, upande mmja wa santuri huchukua dakika 20 hivi, na dakika hizo zinatosha kuhamishia sauti kwenye kompyuta. Kwa nyumba yenye santuri pekee aliyowahi kurekodi babu, hiyo ndiyo faida yenyewe. Mwenye sanduku la taarabu au rumba la wazazi wake asikimbilie pasi ya nguo, wala vioo viwili juani. Joto linalolainisha pindo hulainisha pia mifereji, na sauti iliyomo humo hairudi tena.

Kutoka hapo hadi Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme, ni mwendo wa miguu wa kama robo saa. Watoto wapitishwe daraja la Hijiri, ambako treni za njia tofauti hukatiza juu na kando ya mto Kanda, moja ikichomoza kutoka chini ya ardhi na kuvuka maji kabla ya kuzama tena. Santuri zilizonunuliwa zibebwe mkononi, zikiwa zimesimama wima, na siku ya kurudi nyumbani zisiachwe kwenye buti ya gari nje ya uwanja wa ndege.