Majina Tisa

Ndani ya daftari langu la maandalio ya masomo ipo karatasi niliyoitunza tangu Aprili 2011. Ina majina tisa kwa kalamu ya bluu: Hosmer, Moustakas, Myers, Lamb, Montgomery, Colon, Duffy, Odorizzi, Dwyer. Niliyaandika nikiwa Papillion, nje kidogo ya jiji la Omaha, jimbo la Nebraska. Mchana nilikuwa nasomea ualimu. Jioni nilifagia majukwaa ya uwanja wa besiboli uitwao Werner Park, na kazi hiyo ndiyo iliyonilipia chumba.

Uwanja ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa mwezi huo, rangi ya viti bado inanukia. Timu ya pale, Omaha Storm Chasers, ni ya ligi ndogo, na yenyewe ni tawi la timu ya ligi kuu, Kansas City Royals. Kila timu kubwa ya besiboli Marekani ina ngazi yake ya timu ndogo. Kijana husainiwa akiwa na miaka 16 akitokea Venezuela au Jamhuri ya Dominika, au 18 akimaliza sekondari, au 21 akitoka chuoni, kisha anaanzia daraja la chini na kupanda moja baada ya jingine. Omaha lilikuwa daraja la mwisho kabla ya ligi kuu. Wengi hawafiki hata hapo.

Mwaka huo Omaha nzima ilizungumza juu ya vijana. Royals walikuwa hawajaingia hatua ya mtoano tangu 1985, mwaka waliotwaa ubingwa. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya shangwe alikuwa sasa mtu mzima mwenye miaka 25, na hajawahi kuona timu yake ikicheza mchezo wa maana mwezi Oktoba. Ndipo jarida la Baseball America, ambalo tangu 1990 hutoa kila mwaka orodha ya vijana 100 bora walio bado nje ya ligi kuu, likawaweka vijana tisa wa Royals kwenye orodha moja. Timu ni 30. Kwa mgawo wa sawasawa kila timu ingepata kama watatu. Kabla ya hapo hakuna timu iliyowahi kufikisha tisa.

Nilitaka kujua watu hao wanapimwaje, maana kupima vijana ndiyo kazi niliyokuwa naisomea.

Nyuma ya kituo cha mpigaji, safu za mbele, walikaa wazee wenye kofia, saa za kuhesabia mkononi, na kile kifaa kama bastola kinachosoma kasi ya mpira. Hao ni maskauti. Mchezaji wa uwanjani humpima mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kurushia, na udakaji. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni kiwango cha mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Mbio hupimwa kwa yadi 60, kama mita 55 hivi. Lakini wanaangalia na mengine yasiyoingia kwenye saa. Kijana akikosa mpira mara tatu na kurudi kuketi, anaketije? Ana mabega ya namna gani, bado yatapanuka au yamekwisha? Usiku mmoja nilimwona skauti akiacha kabisa kutazama mchezo, akakodolea macho mrushaji aliyekwishatolewa. Alitaka kuona anaongea na nani.

Jambo lililonigusa zaidi nilielezwa na mmoja wao nilipokuwa namwondolea vikombe miguuni. Kila kipaji kinapewa alama mbili. Ya kwanza ni ya leo: kijana huyu, usiku huu, ni 35. Ya pili ni ya kesho: akikomaa, naamini atafika 60. Alama zote mbili zinakaa kwenye fomu moja, na juu yake kuna tarehe na jina la aliyeandika. Nilisimama na mfuko wa taka mkononi nikilifikiria hilo. Mimi nimesoma kuanzia darasa la kwanza hadi chuo, na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa alama ya kesho.

Eric Hosmer alikaa nasi mwezi mmoja tu. Alicheza michezo 26, na wastani wake wa kupiga ulikuwa .439, yaani katika kila mara 100 angefanikiwa karibu 44. Ligi kuu, anayefikisha 30 anahesabiwa hodari. Niliyefagia naye alikuwa baba mmoja wa Bukavu, mtu mzima, aliyekuwa anasema nami Kiswahili cha kwao. Usiku mmoja mpira wa Hosmer ulipotua kwenye nyasi ng'ambo ya uzio, aliegemea ufagio akasema, "Mwanangu, huyu mutoto hatalala hapa sana." Mei 6 Hosmer alikuwa Kansas City. Mwezi uliofuata akafuata Mike Moustakas.

Mike Montgomery, mrushaji wa mkono wa kushoto, alibaki. Huyo nilimtazama msimu mzima. Mwili wa kupendeza, urefu, mrusho laini, na bado mipira yake ilipigwa usiku baada ya usiku. Watu wale wale waliokuwa wakilitaja jina lake kwa heshima mwezi Aprili walilitaja Agosti kwa sauti ya msibani. Mwaka uliofuata alishushwa daraja. Desemba 2012 Royals wakampeleka Tampa Bay katika mabadilishano, pamoja na Wil Myers na Jake Odorizzi, ili wawapate warushaji wazoefu, James Shields na Wade Davis.

Hapo karatasi yangu ilianza kuchakaa. John Lamb alichanika kano ya kiwiko mwaka 2011 akapasuliwa, na alipofika ligi kuu ilikuwa 2015, akiwa na timu nyingine. Chris Dwyer alirusha awamu tatu tu za ligi kuu, mwaka 2013, basi. Christian Colon, aliyechaguliwa wa nne katika uteuzi wa vijana wa nchi nzima mwaka 2010 na kusainiwa kwa dola milioni 2.75, akawa mtu wa benchi.

Danny Duffy ndiye ninayemfikiria mara nyingi kuliko wote. Machi 2010, akiwa na miaka 21, aliondoka kambini. Aliona hawezi kuendelea, akarudi nyumbani. Timu haikumfukuza wala kumdai. Iliuacha mlango wazi, na mwezi Juni akarudi mwenyewe akaanza tena kurusha. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye orodha ya tisa, na Mei 2011 akapanda ligi kuu. Sijui ni mizani gani ingeweza kupima ile miezi mitatu. Ila najua kwamba mahali pengine angeandikwa "mtoro", na lingebaki hilo.

Wakati huohuo kulikuwa na watu ambao sikuwaandika, kwa sababu hawakuwa kwenye orodha. Salvador Perez, mdakaji, alisainiwa Venezuela mwaka 2006 akiwa kijana wa miaka 16 kwa dola 65,000. Kiangazi cha 2011 alipita Omaha kwa siku chache, na Agosti 10 alikuwa tayari ligi kuu. Jarrod Dyson alichaguliwa mwaka huohuo wa 2006 katika mzunguko wa 50 wa uteuzi huo, wa mwisho kabisa, akiwa mtu wa 1,475. Mwembamba, gongo lake halina nguvu, lakini miguu! Akitoka kituoni unasikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Uzito wa mchezaji wa mzunguko wa 50 hauonekani kwenye mizani ya mamilioni, ila aliendelea kulishwa, kufundishwa na kupewa nafasi ya kucheza, mwaka baada ya mwaka.

Novemba 2, 2015, Jumatatu, nilikuwa nimekwisharudi Tanzania, nakaa ofisi ya walimu, kipindi changu cha kwanza kikiwa wazi. New York ilikuwa imepita usiku wa manane. Kwetu ni saa mbili asubuhi. Royals walikuwa wanacheza mchezo wa tano wa fainali na New York Mets, na mimi naufuata kwa maandishi kwenye simu. Mbili kwa mbili, awamu ya 12. Salvador Perez akapiga, akafika kituo cha kwanza. Kocha akamtoa, akamwingiza Dyson akimbie badala yake. Dyson akaiba kituo cha pili, akasogea cha tatu. Zamu ya kupiga ikamfikia mrushaji, Luke Hochevar. Huyu Hochevar ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2006, katika uteuzi uleule ambao Dyson alichaguliwa wa 1,475. Badala yake akaitwa Christian Colon. Hakuwa amepiga hata mara moja katika mtoano wote wa mwaka ule. Aliupiga kwenda kushoto, Dyson akaingia nyumbani, ikawa tatu kwa mbili, na Royals wakamaliza saba kwa mbili. Aliyerusha mpira wa mwisho ni Wade Davis, aliyepatikana kwa kuwatoa Myers, Odorizzi na Montgomery. Perez akawa mchezaji bora wa fainali.

Niliitoa ile karatasi kwenye daftari, nikaitazama mpaka kengele ya kipindi cha pili ikalia. Mwaka uliofuata, Chicago Cubs walipotwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, aliyeitwa kumtoa mpigaji wa mwisho alikuwa Mike Montgomery. Nililia. Mwenzangu wa meza ya jirani aliuliza kama nimefiwa.

Orodha ile haikudanganya. Hosmer na Moustakas walikuwa nguzo za ubingwa, na Myers alichaguliwa mchezaji mpya bora wa upande wake wa ligi mwaka 2013. Wazee wenye saa mkononi waliona kweli kilichokuwepo. Januari 2023, Baraza letu la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, ofisi yetu iligawanyika, na mimi nilikuwa na walioshangilia, lakini sijawahi kuamini kwamba kupima ni dhambi. Mwalimu asiyepima hajamtazama mtoto. Kinachoniuma ni kile kinachofuata baada ya orodha kubandikwa: nani anaendelea kupewa uji, nani anapewa muda wa mwalimu, nani anaachwa akae nyuma. Na huko Marekani nako naona mlango ukizidi kubanwa. Mwaka 2021 ligi ndogo zilipangwa upya, zikabaki timu 120, nne kwa kila timu kubwa, na uteuzi wa vijana sasa una mizunguko 20. Mzunguko aliotokea Dyson haupo tena.

Niseme lililonifanya niandike haya. Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi, kijana mpole, mzito wa kujibu. Kwenye fomu yake ya maendeleo ya kidato cha pili niliandika: "Hana kasi. Uwezo mdogo." Tarehe sikuweka. Mwaka jana jokofu la chanjo la zahanati ya kijiji liliharibika, akaitwa fundi kutoka mjini, na fundi mwenyewe ni yeye. Alikaa chini ya lile jokofu tangu asubuhi hadi adhuhuri, hasemi, anagusa waya mmoja, anasubiri, anausikiliza mtambo, anagusa mwingine. Lilipoanza kuunguruma muuguzi alipiga vigelegele.

Jioni nilipita kwao kumsalimu mama yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha mkeka. Kisha akaingia ndani, akarudi na fomu ile ile, ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni miaka yote hiyo pamoja na kadi ya kliniki. Hajui kusoma vizuri, lakini mahali pale alipajua, akapawekea kidole.

"Mwalimu," aliniuliza taratibu, "ni kasi ipi hii uliyokuwa unaitaka kwa mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, akaniambia ninywe chai.

Muhula huu nina wanafunzi 58 darasani. Fomu ya shule ina nafasi moja ya maoni, kwa hiyo nimekuwa naigawa kwa mstari wa rula katikati. Kushoto naandika nilichokiona, na tarehe. Kulia naandika ninachokiamini, na jina langu kamili. Inachukua muda, jana usiku nilifika mtu wa 19 taa ikazimika, nikawasha kibatari. Wa 20 ni binti anayekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, aliyepata alama 31 ya hisabati. Upande wa kushoto niliujaza upesi. Upande wa kulia bado sijaandika. Kesho nitahamia kiti cha nyuma, nimtazame kipindi kizima.