KIKUNDI CHA KUFA NA KUZIKANA KINAWEZA KUBEBA NA WANAOZALIWA (Sehemu ya 6)



Wiki iliyopita nilipoandika dalili za hatari kwa mjamzito, wengi mliniuliza swali moja: "Nesi, dalili tumezijua, sasa usiku wa mvua tunafikaje?" Jibu langu la leo halimo kwenye kabati la dawa. Limo kwenye kikundi chenu cha kijiji, kile cha kufa na kuzikana.

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, na Kagera nzima, vikundi hivi ni vya siku nyingi. Upande wa Bukoba wengine huviita bujuni, yaani kusaidiana. Mwaka 2000 watafiti walihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, wakakuta karibu kila kaya imo kwenye kikundi angalau kimoja. Wanachama wana daftari, wana sheria, wana faini. Na ukumbuke mkoa huu umepita wapi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata watu walizika sana. Bila vikundi hivi sijui wazee wetu wangezikaje kwa heshima.

Sasa nije kwenye kikundi chetu. Nilipohamia zahanati ya hapa nilikikuta kipo kwa jina tu. Kaya zilikuwa 43 kwenye daftari, lakini kwenye kikao wanakuja watu tisa, wote wenye mvi. Vijana walikuwa wanasema hawawezi kuchangia kitu cha kusubiri kufa. Akina mama wanapika kila msiba ila hawaulizwi neno. Hesabu za fedha hazikuwa zimesomwa kwa muda mrefu. Hakuna aliyemtuhumu mtu waziwazi, lakini minong'ono kisimani ilikuwa inatosha. Mali ya kikundi ilikuwa viti, masufuria makubwa, turubai na machela moja nzuri ya mbao, imefungiwa stoo.

Usiku mmoja wa masika mama mmoja alijifungulia nyumbani, damu ikawa haikatiki. Nyumba iko ndani ya migomba, bodaboda haifiki kwa utelezi. Mume akaenda kuomba machela. Akajibiwa kwamba sheria ya kikundi inasema machela ni ya maiti. Wakambeba kwenye blanketi, wanaume wanne, wanapokezana mpaka barabarani. Mungu mkubwa, alipona. Lakini alifika kwetu amelegea kabisa, na damu ya uzazi jamani haingoji, inaua ndani ya saa chache.

Kikao kilichofuata nikaomba nafasi ya kusema. Nikawaeleza kitu tunachofundishwa kwenye uuguzi, kwamba mama anakufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kuamua ni kazi ya familia. Kuhudumia ni kazi yetu sisi. Kufika je, ni kazi ya nani?

Mzee mmoja akasimama. "Binti yangu, unataka mjamzito alale alipolala maiti? Huo si mkosi?" Watu wakanyamaza. Sikumbishia, maana hofu ya mtu haiondoki kwa kubishiwa. Nikasema, "Mzee wangu, basi tutengeneze machela ya pili, hiyo iwe ya wazima tu." Akacheka, akasema mbao atatoa yeye. Na kweli alitoa.

Niliwasimulia pia ya jirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera. Kule Ankole na Kigezi machela wanaiita engozi, na vikundi vya engozi vimebeba wagonjwa na kuzika wafu tangu zamani. Mwaka 2010 hospitali ya Bwindi ilijenga mpango wa bima ya afya juu ya vikundi hivyo hivyo, familia zinajiunga kama kikundi. Na Rwanda wanasema ingobyi, neno moja kwa machela na kwa kibebeo cha mtoto mgongoni. Akina mama waliposikia hilo wakaangaliana. Kumbe kubeba ni kule kule.

Wakaniomba niwe katibu, baadaye mwenyekiti. Haya ndiyo tuliyofanya, kama na ninyi mnataka kufufua cha kwenu:

Kwanza, hesabu. Tulisoma daftari lote mbele ya watu, palipokosekana tukaandika pamekosekana, tukaanza upya. Fedha sasa inakaa kwenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na mweka hazina hana hata mmoja.

Pili, akina mama wawili na kijana mmoja lazima wawe kwenye kamati. Vijana wa bodaboda walirudi walipoona wana kauli.

Tatu, zamu. Kila wiki wabebaji sita wanajulikana, na namba zao zimebandikwa mlangoni zahanati. Mjamzito akifikisha miezi minane, wa zamu wanajua nyumba yake.

Nne, muda wa uongozi ni miaka miwili, basi.

Tano, kama kikundi chenu kinaweka akiba na kukopeshana, sajilini halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Msisahau m-mama: piga 115, ni bure. Wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandaliwa. Ila gari linaishia barabarani. Kutoka ndani ya migomba mpaka barabarani ni mabega yetu, na hapo ndipo kikundi kinapohitajika. Kwa hiyo piga kwanza, halafu amsha wa zamu.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Mchango ni shilingi elfu moja kwa wiki, na kabla ya kuuza kahawa kuna kaya hazina. Wengine kwenye kamati walitaka asiyelipa asibebwe. Tulibishana vikao vitatu. Tukakubaliana deni liandikwe, alipe hata kwa ndizi au kwa kubeba wenzake, lakini mgonjwa abebwe kwanza. Wawili walijitoa kwa uamuzi huo, na bado hawajarudi. Nawaelewa, ila mimi sitaki tena kuona mtu analetwa kwa blanketi.

Tangu hapo machela ya pili imebeba akina mama, mzee aliyeanguka mnazi haupo, ila mparachichi upo, na mtoto mwenye degedege. Ile ya kwanza inaendelea na kazi yake, hatukuidharau.

Mwezi wa kumi na mbili muda wangu unaisha. Anayekuja ni mama mmoja mkulima, na tayari anaendesha vikao kuliko mimi.

Andikeni hapa chini: kikundi cha kwenu kina machela? Na ufunguo wa stoo usiku uko kwa nani? Sehemu ya 7 nitaandika cha kufanya damu inapotoka nyingi wakati mnasubiri gari.