Buluu ya Waliosimama Tuli

Picha za rangi za kwanza kuuzwa kwa wingi madukani zilitegemea viazi. Ndugu wawili wa mji wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, walichekecha wanga wa viazi mpaka zikabaki chembe ndogo mno, wakazigawa mafungu matatu na kuzitia rangi: nyekundu ya machungwa, kijani, na buluu inayoelekea zambarau. Chembe zilichanganywa na kutandazwa juu ya kioo, mianya ikazibwa kwa vumbi la makaa, kisha juu yake ukapakwa utando wa kunasa mwanga. Vioo hivyo vilianza kuuzwa mwaka 1907 kwa jina la autokromu. Havikuwa na negativu. Kioo kilichoingia ndani ya kamera ndicho kilichotoka kikiwa picha, kimoja tu ulimwenguni, na kikivunjika basi.

Kilikuwa pia kioo kizito cha kuona. Chembe zile zilikula mwanga mwingi kabla haujafika kwenye utando, hivyo hata penye jua kali mtu alitakiwa atulie sekunde nzima au zaidi, na penye mawingu muda mrefu kuliko huo. Ndiyo maana vita vya 1914 hadi 1918, tunavyovitazama leo kwa rangi zake halisi, havimo katika picha zake. Hakuna anayekimbia wala mzinga unaotema moto. Kuna askari walioketi kando ya barabara na sufuria yao ya chakula, kuna farasi aliyefungwa, kuna nyumba zilizopasuliwa katikati na karatasi za ukutani zinaonekana, za maua, kama mwenye chumba alivyozichagua. Katika picha moja iliyopigwa Reims mwaka 1917, msichana mdogo anacheza na mwanasesere wake, na pembeni yake zimeegemezwa bunduki na shanta ya askari. Mtoto alitulia. Bunduki nazo zilitulia. Picha ikatoka safi.

Nimezitazama sana picha hizi na sijazizoea. Mfu wa picha nyeusi na nyeupe ni rahisi kumwacha huko aliko, kwa sababu rangi ya kijivu inamfanya awe babu wa mtu mwingine, wa zamani zisizotuhusu. Mpe wekundu wa masikio yaliyopigwa na baridi na tope la njano kwenye buti, naye anakuwa mtu uliyepanda naye basi asubuhi. Huzuni inayokuja hapo haina adabu ya kungoja utaifa wa marehemu ujulikane.

Jeshi la Ufaransa liliunda idara yake ya picha mwaka 1915, na kufikia 1917 wapiga picha wake wawili, Paul Castelnau na Fernand Cuville, walikuwa wakizunguka na vioo vya rangi. Walichelewa. Askari waliotoka kambini Agosti 1914 walivaa suruali nyekundu, fahari ya jeshi kwa vizazi, na rangi yenyewe, kwa kejeli ya dunia, wakati huo ilikuwa kwa sehemu kubwa bidhaa ya viwanda vya kemikali vya Ujerumani. Tarehe 22 Agosti 1914 peke yake walikufa Wafaransa wapatao 27,000. Baada ya mauaji ya miezi ile sare zikabadilishwa zikawa buluu iliyopauka, rangi ya anga pale inapokutana na nchi. Hiyo ndiyo rangi ya jeshi tunalolijua kutoka kwenye vioo vya Castelnau na Cuville: watu wa buluu, wametulia, wengi wao wamevaa sare ile kwa sababu waliovaa nyekundu hawapo.

Juni 1917 Castelnau alikuwa Alsace akiwapiga picha askari walioitwa tirailleurs wa Senegal, jina lililowakusanya watu wa Afrika Magharibi yote ya Kifaransa, awe Mwolofu, Mbambara au Mmosi. Wanaitazama kamera bila haraka. Miezi miwili kabla, wenzao walikuwa wamepandishwa kilima cha Chemin des Dames katika mvua na theluji, shambulio ambalo Jenerali Nivelle aliahidi lingevunja ngome za Wajerumani kwa muda mfupi, nalo likavunja jeshi lake mwenyewe. Na Oktoba 1916, Wafaransa walipoikomboa ngome ya Douaumont pale Verdun, miongoni mwa walioingia walikuwamo Wasomali walioandikishwa Djibouti, watu wa upwa wetu huu huu wa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Mapigano ya Verdun yalidumu miezi kumi. Upande wa Ufaransa pekee waliokufa na kupotea walizidi 150,000. Vita vilipokwisha, hesabu ya wanajeshi waliokufa chini ya bendera ile ilikaribia milioni 1.4.

Nayo nchi hiyo leo jina lake vitani ni mzaha. Utausikia popote panapozungumzwa vita: bunduki ya Kifaransa inauzwa, haijawahi kufyatuliwa, imedondoshwa mara moja tu. Mwaka 2003, Ufaransa ilipokataa kuivamia Iraki, utani huu ulivuma Marekani, na katika mkahawa wa Baraza la Wawakilishi hata chipsi, ambazo Wamarekani huziita za Kifaransa, zikabadilishwa jina. Waliokuwa wakicheka walikuwa wakicheka wiki sita za mwaka 1940, Ujerumani ilipoishinda Ufaransa. Wiki sita! Hata hizo hawakuzitazama vizuri. Ndani yake walikufa askari wa Ufaransa zaidi ya 50,000. Pale Lille, mabaki ya jeshi lao la kwanza yaliyozingirwa yalipigana siku kadhaa huku Waingereza wakipanda meli Dunkerque, na yalipoishiwa risasi Wajerumani wenyewe waliwapa heshima ya kutoka kwa gwaride. Pale Chasselay, nje kidogo ya Lyon, mji wa akina Lumière, tirailleurs wa Afrika walikataa kuachia njia hata baada ya mambo kwisha. Walipokamatwa, Wajerumani waliwatenga na wenzao weupe, wakawaua. Karibu 200 wamezikwa hapo, katika makaburi yenye kuta nyekundu za mtindo wa Afrika Magharibi. Mtu hanyoshi mikono kisha akazikwa namna hiyo.

Sisemi majenerali wao hawakukosea. Walikosea vibaya, na viongozi walioingia Vichy kushirikiana na Wajerumani waliongeza aibu juu ya kosa. Lakini kuna picha za mpiga picha Léon Gimpel ambazo kila nikizirudia naona mwaka 1940 umeanzia humo. Mwaka 1915, kwenye mtaa wa Greneta jijini Paris, Gimpel aliwakuta watoto wakicheza vita, akawapanga mbele ya kamera yake ya rangi. Wana bunduki za mbao na kofia za kubahatisha. Yupo rubani, yupo mateka. Walikuwa waigizaji wazuri kwa kioo kile, kwa sababu kila mmoja aliganda pale alipoambiwa agande. Mtoto wa miaka kumi kwenye picha ile alikuwa na thelathini na mitano mwaka 1940, umri wa askari wa akiba anayeitwa tena. Hao ndio wanaochekwa.

Na hao ni waliokuwapo. Baba zao walipokuwa kwenye mahandaki, vizazi Ufaransa vilishuka mpaka mwaka 1916 vikawa karibu nusu ya kabla ya vita. Miaka ishirini baadaye, rika lililotakiwa kuingia jeshini liliingia likiwa nusu, na mwaka 1935 serikali ikalazimika kurefusha muda wa kila kijana kambini hadi miaka miwili ili kuziba pengo. Tunapozungumza juu ya msiba tunahesabu makaburi, na ni haki. Ila makaburi ya Verdun yana watoto wake, watu ambao hawakuzaliwa kwa sababu mwanamume mmoja alibaki kwenye tope, na hao hawana kioo wala jiwe. Nchi iliyoingia vita vya pili ilikuwa imeshafiwa na sehemu ya jeshi ambayo haikupata kuwapo. Kumwambia mfiwa wa namna hiyo kwamba ni mwoga ni ukosefu wa malezi.

Rangi yenyewe haisaidii sana kuusema ukweli huu, na wakati mwingine inaupinga. Miaka ya utawala wa Wajerumani, Mfaransa André Zucca, aliyekuwa akiifanyia kazi Signal, gazeti la propaganda la Kijerumani, alipewa filamu za rangi za Agfacolor, adimu kabisa wakati ule. Filamu zile nazo zilitaka jua. Hivyo Paris aliyoipiga ni ya jua: wanawake wenye miwani ya mitindo, mashindano ya farasi, maduka ya maua, na hapa na pale bango la Kijerumani. Picha hizo zilipoonyeshwa Paris mwaka 2008 watu wengi walikasirika, na wageni wa maonyesho wakaanza kupewa karatasi yenye maelezo ya nani alipiga, kwa kazi gani, na nini hakionekani.

Ilikuwa haki kuigawa karatasi ile. Kinachonishangaza ni kwamba wanajeshi wa buluu wa 1917 hawapewi ya kwao. Tunawaweka kwenye vitabu vikubwa vya mapambo, tunasifu rangi zilivyo laini, tunafungua ukurasa unaofuata. Karatasi yao ingekuwa fupi: kwamba kamera hii iliwachukua walioweza kutulia tu, kwamba aliyeshika bunduki kushoto alivuliwa suruali nyekundu kwa sababu iliwaua wenzake, kwamba Mwafrika aliyeketi katikati hakuulizwa kama anataka kuja, na kwamba watoto wao, waliozaliwa na wasiozaliwa, watakuja kutukanwa kwa sababu ya wiki sita.