Baraza za Mtendeni

Mtaani kwetu Mtendeni, Tabora, wazee walifuata kivuli. Asubuhi walikaa kwenye baraza za nyumba zinazotazama magharibi. Jua likishapita utosini, walibeba bao lao, wakavuka barabara na kuketi upande wa pili. Kwa ajili ya kivuli hicho, mzee wa Kimanyema aliyekuwa mwenyeji saa tatu asubuhi, saa kumi alikuwa mgeni barazani kwa jirani yake Mwarabu. Muuza kahawa naye aliwafuata huko huko na birika lake. Baraza zenyewe zilikuwa za saruji, kimo cha goti, chini ya upenu wa bati, na yeyote aliyechoka njiani alikaa bila kubisha hodi. Sisi watoto hatukupita bila kusema "Shikamooni", na yeyote kati yao aliweza kututuma dukani.

Tabora ilikusanya watu tangu karne ya 19, misafara iliyosafiri kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipopumzika hapa Unyanyembe. Wanyamwezi walibeba mizigo, Waarabu walifanya biashara, na wengine waliletwa wakiwa watumwa. Reli ilipofika mwaka 1912, ikaleta wengine tena. Watu wenye historia nzito namna hiyo wanahitaji mahali pa kuonana kila siku. Barazani nilimsikia Mwarabu akiamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", na Mnyamwezi akimtania Mzaramo kwa utani uliotokana na safari hizo za pwani. Mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, watu walijaa barazani hadi barabarani kuizunguka redio moja.

Mama zetu hawakukaa barazani na wazee hao, na hilo naliona kuwa upungufu mkubwa. Wao walikutana kwenye bomba la mtaa, ndoo zikiwa foleni. Huko ndiko ilikojulikana nani amejifungua na nani anaumwa, na msaada ukaanzia hapo.

Siku hizi nyumba nyingi zinaanza na ukuta na geti. Wizi upo, siwalaumu wanaojilinda. Lakini wewe unayejenga, nawe afisa mipango miji unayepitisha ramani, ukuta uanze nyuma ya baraza. Acheni futi chache za saruji upande wa barabara, pandeni mwembe, na wanawake wawe na nafasi yao hapo.