Ufa wa Sebuleni

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kuandika insha juu ya methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mimi niliiandika mara mbili nikiwa sekondari huko Tororo. Sikujua kwamba nyumbani kwetu ufa ulikuwa umezibwa miaka nenda miaka rudi, na ukuta ulikuwa unaharibika vilevile.

Nyumba ni ya marehemu babu. Alikuwa mpakiaji wa mifuko katika kiwanda cha saruji cha Tororo, kilichoanza miaka ya 1950 wakati bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa Jinja. Kuta alizijenga kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kama majirani zake. Lakini sebule aliipiga lipu nzito ya saruji, ndani na nje. Nyanya husema watu walikuwa wakija kuigusa tu.

Likizo iliyopita, wageni wa posa ya dada yangu walikuwa wanatarajiwa. Rangi ya sebule ilikuwa ikibambuka, unyevu umepanda hadi usawa wa viti, na ufa umeshuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Nyanya alikuwa ameweka akiba ya vigae. Tukamwita fundi kutoka Busia, upande wa Kenya. Yeye hajui Kidhopadhola. Nyanya hajui Kiswahili. Mkalimani nikawa mimi.

Kiswahili changu cha darasani kilipata mtihani siku hiyohiyo. Nikisema saruji, yeye anasema simiti. Nikisema lipu, yeye anasema plasta. Alipoitoa timazi mfukoni nilifurahi, maana neno hilo nililijua kitabuni tu. Akanibandika jina la Mwalimu.

Aligonga ukuta kwa kidole. Mahali pengi ulilia kama mtungi mtupu.

"Mwalimu, mwambie nyanya hivi. Aliyepiga plasta hii alikosea. Ndani ni udongo, na udongo unakunywa maji ya mvua kutoka chini. Simiti ngumu inayazuia yasitoke. Kila mkiziba ufa kwa simiti, mnayafungia maji ndani. Hata vigae vitabanduka."

Dawa yake ilikuwa hii: kuweka mifereji ya bati kwenye paa, kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali, kubandua lipu yote ya chini kwa tindo, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu laini ya chokaa na mchanga.

Niliitazama picha ya babu ukutani. Nikamgeukia nyanya: "Anasema mvua imeharibu ukuta." Basi.

Kesho yake nyanya alikuta mtaro unachimbwa na pesa ya vigae imenunua mifereji. Alikasirika. "Nimemwita atengeneze ndani, mbona anachimba nje? Huyu anakula pesa yangu!"

Fundi hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Akaweka jembe chini. "Mwalimu, jana ulimwambia nini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwalimu yeyote. Kwa kumsitiri babu, nilikuwa karibu kumfanya mtu mwaminifu aitwe mwizi. Nikamweleza nyanya yote, neno kwa neno, pamoja na lile la "alikosea."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Babu yako alikuwa mpakiaji, hakuwa mwashi. Kila ufa ulipotokea alileta simiti, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Mwambie mwanangu aendelee. Na wewe, ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yafikishe."

Wageni walikuja ukuta ukiwa bado haujakauka. Mita moja kutoka chini, matofali na udongo vilikuwa wazi, na sakafu ilikuwa ileile nyekundu ya zamani iliyosuguliwa kwa nta. Wazee walipoutazama ukuta, nyanya aliwaeleza mwenyewe habari ya maji, udongo na simiti ya mumewe. Posa ilipokelewa.

Lipu ya chokaa ilipigwa nikiwa nimesharudi chuoni. Vigae bado vinasubiri.

Katiba ya Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na sisi tunaokisoma hupenda kusema kuwa ni daraja la mipakani. Ni kweli, lakini daraja hilo huvukwa na watu wanaoaminiana. Nami nikipewa tena insha ya methali ile, nitaanza kuiandika kutoka nje ya nyumba, pale maji ya paa yanapoangukia.